Vidole Vilivyokataa Kukunjamana

Kila alasiri shule ilipotoka, Kamikazi alitembea kutoka Gihundwe hadi Kamembe, kwenye karakana ya baba yake. Alivua sare nyuma ya pazia, akachukua ufagio na kufagia vipande vya vioo. Baba yake, Mzee Hakimu, alikuwa fundi wa vioo vya madirisha na vya picha za harusi. Alikuwa na msemo aliopenda kuutupa mbele ya wateja.

"Hapa kwangu kioo kikikukata, unafunga kitambaa na kazi inaendelea. Fundi halii!"

Wateja walicheka. Kamikazi, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakucheka. Aliyaweka maneno hayo moyoni kama sala.

Ijumaa moja wakati wa likizo, Hakimu alikwenda msikitini. Kamikazi akachukua kalamu ya almasi ya kukatia vioo, ambayo alikatazwa kuigusa akiwa peke yake. Alitaka baba akirudi akute kazi imekamilika. Alichora mstari safi, lakini alipokibana kioo akivunje, kilipasuka nje ya mstari na kumchana kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Alifunga kitambaa. Baba aliporudi, alimwambia ameangukia chupa iliyovunjika njiani.

"Umelia?" Hakimu akauliza.

"Hapana, Papa."

"Njo mutoto wangu huyu!" akasema kwa fahari, yaani huyu ndiye mwanawe kweli, akampeleka kituo cha afya.

Muuguzi aliitwa Vénantie. Alisafisha jeraha, kisha akamwambia Kamikazi afumbe macho.

"Nikikugusa kwa pamba, sema ndiyo."

Aligusa kidole gumba. "Ndiyo." Akagusa cha kati. "Ndiyo." Kisha pamba ikafika kidole cha mwisho, na Kamikazi hakusikia chochote, kana kwamba kidole kile kilikuwa cha mtu mwingine. Lakini jicho moja hakulifumba sawasawa, na aliiona pamba ikitua. Alijua kwamba akisema hasikii atapelekwa hospitali, ataulizwa maswali, na uongo wa chupa utafichuka.

"Ndiyo," akasema.

"Una hakika, mtoto wangu?"

Hakimu akamtangulia kujibu. "Si amesema anasikia, Maman? Mushone tu, twende."

Ngozi ikashonwa. Kidonda kilifunga, ila mkono haukupona. Vidole viwili vya mwisho vilianza kujikunja kama kucha za ndege, na nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea. Darasani mwanafunzi mwenzake, Tuyishime, alimcheka: "Tazameni, Kamikazi anashika kalamu kama kuku anashika jiwe!" Kamikazi alicheka pamoja na darasa zima, kisha akaenda kulia chooni. Miezi mitano ikapita hivyo.

Jumamosi moja bibi yake, Mukantwari, ambaye alimwita Koko, alikuja kutoka Nyakabuye. Wakafua mablanketi pamoja tangu asubuhi. Walipokuwa wakikamua la mwisho, bibi akamshika mkono, akauinua juani. Ncha za vidole zilikuwa zimekunjamana kama kawaida ya mkono uliokaa majini. Lakini kidole cha mwisho na ubavu wa kile cha jirani yake vilikuwa laini, viking'aa.

"Maji ya tangu asubuhi, na hiki kimekataa kuzeeka?" bibi akatania. Kisha akaacha kutabasamu. Akakifinya kwa ukucha wake wote. "Unasikia?"

Kamikazi alifungua kinywa aseme ndiyo. Akaona alama nyekundu ya ukucha, ambayo hakujua imeingia lini.

"Hapana, Koko," akasema, machozi yakimtoka. "Tangu siku ile ya kioo, sisikii."

Ukweli wote ukamwagika kando ya beseni.

Hakimu alipoambiwa, alimpeleka hospitali Kigali, na huko Daktari Ingabire aliupima mkono kwa muda mrefu.

"Neva, yaani mshipa wa fahamu, ilikatika," akamwambia Hakimu. "Siku zile za kwanza tungeshona ncha kwa ncha. Hata pengo dogo lina dawa. Tunaweka mrija mwembamba uliotengenezwa na watu, neva inakua ndani yake kama mharagwe unavyofuata kijiti. Lakini sasa ncha zimenywea. Pengo ni sentimita nne na nusu, na kwa pengo hilo siuamini mrija. Itabidi tukate kipande cha neva mguuni mwake, tukipandikize mkononi."

"Na mguu?"

"Ukingo wa wayo utakufa ganzi. Tunauibia mguu ili tuulishe mkono."

"Atapona, Daktari?"

"Neva hukua kama milimita moja kwa siku. Sehemu ya hisia na nguvu itarudi. Yote? Mkono huu umeshadanganywa vya kutosha, mimi sitaongeza."

Hakimu akamgeukia binti yake kwa ghadhabu. "Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Ulisema fundi halii, Papa."



Miezi tisa baada ya upasuaji, Kamikazi alitumbukiza mkono kwenye beseni. Akasikia baridi hafifu, kama sisimizi wanaotembea. Kidole cha mwisho kilikunjamana kidogo. Lakini shimo kando ya kidole gumba halikujaa, na kalamu bado ilimchosha upesi.

Wiki hiyo hiyo, akifagia karakana, aliona matone mekundu sakafuni nyuma yake. Kigae cha kioo kilikuwa kimepenya ndala na kuingia kwenye ukingo wa wayo, ule uliokufa ganzi tangu upasuaji. Hakusikia lolote. Zamani angefuta damu kimyakimya.

"Papa, nimekatwa!" akaita mbele ya wateja. "Na sisikii!"

Mteja mmoja akacheka. "Mzee Hakimu, si ulisema fundi halii?"

Hakimu alipiga magoti. Akakitoa kigae, akaufunga mguu kwa shati lake mwenyewe, kisha akainua uso, macho yamejaa machozi.

"Nilisema, na nilikosea," akajibu. "Uongo ulikuwa wa mtoto, lakini mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza nikauita ushujaa. Mwili unaosema unaumwa unaomba msaada wakati msaada bado upo. Ukiunyamazisha leo, kesho utakulipisha kwa kiungo kingine. Kamikazi, kuanzia leo, anayekatwa hapa atapiga kelele. Na mimi nitasikia."