Pacha wa Ng'ombe wa Mama Kimya

Jioni ile nilikuwa nampelekea ng'ombe maji. Ndoo moja tu, kazi ya kila siku. Mke wangu alikuwa akianua nguo, na jua lilikuwa limebaki kama upana wa kidole juu ya ukuta wa jirani.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi kumi na miwili.

Najua unachotaka kusema. Ng'ombe hubeba miezi tisa na siku chache, na hilo nalijua vizuri, maana mimi ndiye bwana mifugo wa hapa. Nilikuwa nimemchoma sindano mbili za kuanzisha uchungu. Wapi! Majirani wakacheka, wakasema kinyozi hajinyoi. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza tena huyu ng'ombe nilimtoa wapi, nikamjibu kama nilivyomjibu zamani, kwamba nilipewa zawadi.

Sikupewa. Nilimwiba.

Miaka mitatu nyuma, mjane mmoja tuliyemwita Mama Kimya aliniita ng'ombe wake alipolemewa na uchungu. Ilikuwa mchana kweupe. Nilimvuta ndama dume, mzima kabisa. Nikaingiza mkono tena... nikagusa kwato nyingine. Nikamwambia mama aende jikoni akachemshe maji. Aliporudi na sufuria, ndama wa pili, jike, alikuwa ndani ya gunia kwenye pikipiki yangu, nami nanawa mikono.

"Mmoja tu, mama," nikamwambia.

Akashukuru. Akanifungia mayai kwenye kitambaa, nami nikayapokea.

Ng'ombe wake alilia wiki tatu, akizunguka banda, akinusa kila pembe. Mama akaja kuniuliza anatafuta nini. Nikamwambia ng'ombe ndivyo walivyo. Yule ng'ombe akakauka maziwa, akakonda, akafa. Ndama dume naye akamfuata mamaye. Nyumba ile haikubaki na kitu cha kukamua, na mimi nikaanza kupita njia nyingine kwenda kazini.

Niliyemwiba akakua. Jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa. Huyu alishika mimba mara ya kwanza tu. Nilipaswa kuogopa tangu siku hiyo.

Basi jioni ile nikasukuma mlango wa banda kwa goti. Harufu ikanipokea. Dang'a... yale maziwa mazito ya kwanza, ya ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Na huyu alikuwa hajazaa.

Mama Kimya alikuwa amechuchumaa kando yake, kiganja juu ya tumbo.

Sikuwa nimemwona akiingia. Mbwa hakubweka. Nikamwamkia.

"Kachemshe maji," akasema. Taratibu, kama anayemtuma mtoto.

Nikaenda. Mpaka leo siwezi kueleza. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikaa jikoni nikitazama sufuria, na nyuma ya ukuta nikasikia kitu kikidondoka. Kizito, chenye majimaji. Kimya... Halafu kingine.

Mara mbili.

Niliporudi, ng'ombe alikuwa akilamba ndama mmoja. Mama Kimya alikuwa amefika mlangoni, amekumbatia shuka lake kifuani, na shuka linachuruzika.

"Mmoja tu, baba."

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempima ng'ombe kwa mkono wangu, nikagusa vichwa viwili. Ningeweza kusema. Lakini ningesema kwa mdomo upi? Nikampisha.

Kulipopambazuka nilikwenda kwake. Binti yake ndiye aliyenifungulia. Nikamuuliza mama alirudi saa ngapi. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Mama yake alikuwa na miezi mitano kitandani, amepooza, hashiki hata kijiko, wala neno halimtoki.

Nikaingia nikamwona. Amelala chali, mwepesi kama kanzu iliyotupwa, macho yamenielekea.

Nikapiga magoti nikasema yote. Gunia. Pikipiki. Mayai.

Binti hakushtuka.

"Mama alikuona," akasema. "Ukuta wa jiko una ufa. Alitukataza kukuuliza. Alisema wewe ni mtu mzima, utakuja kusema mwenyewe."

Miaka mitatu yule mama alikuwa akinisubiri. Na nilikuwa nakaa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake.

Nikamwambia binti nitawaletea ng'ombe na ndama siku hiyo hiyo. Akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo, ng'ombe akija, kitanyamaza.

Nikamuuliza nini kitanyamaza.

"Kilichoko bandani. Tangu jana jioni kinalia njaa. Na banda ni tupu, nimeingia mara nne."

Nilimpeleka ng'ombe. Aliingia bila kuvutwa, akasimama pembeni, akatanua miguu ya nyuma kama wanavyofanya wanaponyonyesha. Kilio kikakatika.

Sasa kila alfajiri naenda kumkamulia Mama Kimya. Hakuna aliyeniomba. Mke wangu nimemweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja nguo. Ndama namfunga nje usiku kucha, mbali, kwa kamba ninayoikagua mwenyewe. Hata hivyo chuchu mbili za kushoto nazikuta tupu, zina mate, bado za moto.

Leo zilikuwa tatu.

Kinakua.