Seneo Hakuwahi Kupenda Mwanaume

"Toa mkono, Thuso."

Alisema taratibu, bila hasira, akiwa ameinamia cherehani. Nilikuwa nimemshika kiuno kama nilivyozoea kila nikirudi kazini. Mimi ni fundi wa pampu za visima, nashinda kwenye maboma ya ng'ombe huko porini, na grisi haitoki mikononi hata ukisugua vipi. Nikadhani tatizo ni grisi.

"Nimenawa," nikamwambia.

"Najua."

Nikautoa. Akaendelea kushona gauni la leteisi, kitambaa chetu cha buluu ambacho bibi harusi asipokivaa watu watamsema mwaka mzima. Seneo alikuwa amewashonea wanawake wengi wa Palapye. Safari hii alikuwa anashona lake. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi alfajiri wajomba zangu walikuwa waende kwao Serowe kumposa.

"Hunitaki tena," nikasema. Hata sijui maneno yalinitokaje.

Cherehani ikanyamaza. Nikakaa kitandani.

Ngoja niwaeleze tulikotoka. Nilikutana na Seneo msibani, tukikatakata kabichi na wanawake wengine nyuma ya nyumba. Wakati huo nilikuwa na jina nililopewa na wazazi, watu wananiita binti na mimi naitika. Alinicheka jinsi nilivyoshika kisu, nikamwambia anifundishe, na kabichi ile ikatuchukua mchana mzima. Miezi miwili baadaye tulikuwa tunaishi pamoja.

Seneo hakuwa mtu wa kujificha. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimwambia mama yake, mzee wa kanisa, kwamba yeye anapenda wanawake na hataolewa na mwanaume hata siku moja. Mama yake alikaa miaka miwili bila kula naye sahani moja. Baadaye walianza kusalimiana, lakini mimi nilikuwa naitwa "yule".

Mwaka wa nne wa mapenzi yetu nilimweleza Seneo jambo nililokuwa nalo tangu utotoni. Kwamba mimi ni mwanaume, nimekuwa mwanaume siku zote, na nimechoka kuishi kinyume chake. Yeye akauliza swali moja tu: nikuite nani? Nikamwambia Thuso. Akalirudia jina lile mara mbili tatu, akilionja, kisha akasema limenipendeza. Ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita hivyo.

Alinipeleka Gaborone kwa daktari. Alijifunza kuchoma sindano za homoni kwa sababu mimi naogopa sindano. Sauti ilipoanza kukwaruza alinicheka mpaka akakaa chini. Ndevu zikaja, kitambulisho kikabadilika, na dukani wauzaji wakaanza kuniita "Rra", kama wanavyomwita mwanaume yeyote mwenye heshima zake. Nilifurahi sana. Furaha ile ilinifanya nisimwangalie mwenzangu usoni kujua yeye anaendeleaje.

Halafu mama yake akasikia habari za kitambulisho. Alipiga simu mwenyewe. Akasema kama karatasi ya serikali inasema yule ni mwanaume, basi aje aoe, na mchungaji hana neno. Kutoka "yule" nikawa "mkwe". Alinitumia mfuko mzima wa phane, wale viwavi wa kukausha, aliowakusanya kwa mikono yake. Mjomba wangu Gabaake naye akasimama mbele ya ukoo akasema mimi ni mtoto wao wa kiume na ng'ombe wa mahari watatoka. Mlango tuliofungiwa miaka yote ulikuwa wazi.

Na Jumatano hiyo Seneo ananiambia toa mkono.

Aligeuza kiti akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumwona akilia, kwa hiyo alikuwa amelia kabla sijafika.

"Nikikuambia utanisikiliza mpaka mwisho?"

"Sema."

"Nakupenda. Hilo lishike kwanza, usiliachie."

"Nimelishika."

"Mimi mwili wangu unataka wanawake, Thuso. Nilidhani kwako itakuwa tofauti, kwa sababu ni wewe. Nimejaribu miaka mitatu."

"Lakini mimi ni yule yule."

"Ni yule yule, ndiyo. Ulikuwa mwanaume tangu siku ya kabichi, ila mimi sikukuona. Mimi nilimwona mwanamke, nikampenda."

Nilitaka kumkatiza, akainua kiganja.

"Kuna siku ukinikumbatia nafumba macho namtafuta yule mwanamke. Unaelewa ninachokuambia? Uko kifuani kwangu, na mimi namtafuta mtu ambaye wewe umehangaika maisha yako yote watu waache kumtafuta. Unataka mke wa namna hiyo?"

Kilichofuata nakionea aibu mpaka leo. Nilimwambia nitanyoa ndevu. Nilimwambia hata sindano nitaacha, turudi kama zamani.

Hapo ndipo alipokasirika.

"Usithubutu. Mimi ndiye niliyekuchoma ile ya kwanza. Sikukuchoma ili uje kuacha kwa ajili yangu."

Akaja akakaa karibu yangu, tukalia pamoja. Chakula kilikuwa kimeshapoa, na hakuna aliyekigusa.

Alhamisi nilikwenda kazini, boma moja mbali na barabara. Nilifungua pampu nikaifunga bila kujua nilichofanya, ikabidi niifungue tena. Mchana nikapanda juu ya tangi kutafuta mtandao nikamwandikia:

"Nitawaambia wajomba nimebadili mawazo. Mama yako anichukie mimi. Wewe baki salama na watu wako."

Jibu likaja baada ya muda mrefu.

"Usinibebee. Nilimwambia mama ukweli nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaishi. Nitaweza tena. Nipeleke Serowe kesho."

Nilimpigia mjomba Gabaake nikamweleza wasiende. Hakunigombeza. Aliuliza kama nimemkosea binti wa watu, nikasema hapana. Akauliza kama yeye amenikosea, nikasema hapana. Akashusha pumzi akasema basi hata yeye haelewi, ila atawazuia wazee.

Ijumaa nikampakia Seneo kwenye pikapu yangu. Njia nzima aliangalia dirishani. Tulipofika, viti vilikuwa vimeshapangwa uani na shangazi zake wawili wanasafisha masufuria makubwa. Mama yake alitoka ndani akijifuta mikono, akanisalimia mimi kwanza, mkwe wangu karibu, mbona mmekuja mapema? Akawa anacheka. Sikuwahi kumwona anacheka.

Seneo alimwomba aketi. Akamwambia hakuna posa kesho. Akamweleza sababu palepale uani, shangazi wanasikia, bila kupunguza.

Mama akazungumza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto hesabu.

"Mwanangu, tulia. Wewe ulitaka mwanamke. Huyu si alikuwa mwanamke? Kanisa linataka mwanaume. Sasa karatasi inasema ni mwanaume. Kila mtu amepata anachotaka. Tatizo liko wapi?"

Shangazi mmoja akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani Seneo akubali hesabu ile. Ningeishi ndani yake. Ningejikunja nikaenea.

Seneo alisimama.

"Mama, Thuso hakuwa mwanamke, na wala si karatasi iliyomfanya mwanaume. Ni mwanaume. Nimeishi naye, namjua kuliko mtu yeyote, na mimi ndiye nasema. Na kwa sababu ni mwanaume, siwezi kuwa mke wake."

Tangu nikiwa mdogo nilisubiri mtu asimame mbele ya watu aseme maneno yale. Aliyasema mtu niliyempenda kuliko wote, kwa sauti, bila kupepesa macho. Sikuwahi kuwaza kwamba yatakuja na ile sehemu ya pili.

Mama alinigeukia. "Na wewe umekubali haya?"

"Amesema kweli, mama."

"Nilishakuita mkwe," akasema. "Nilishazoea."

Akaingia ndani akafunga mlango. Seneo akaanza kupandanisha viti. Nikamsaidia, mpaka vyote vikaisha. Aliniambia nirudi Palapye, yeye atabaki, mama yake asipofungua leo atafungua kesho. Alinishika uso kwa mikono miwili, ndevu na kila kitu, akanibusu kwenye paji la uso. Nikaondoka.

Mlango ulifunguliwa siku ya tatu. Alinitumia ujumbe mfupi: "Tumekula sahani moja." Baadaye alihamia Francistown, akafungua duka la ushonaji. Nasikia yuko na mtu, mwanamke, nasikia anacheka sana. Sijauliza zaidi.

Mwaka uliofuata niliitwa kutengeneza kisima cha mwanamke mmoja anayeitwa Galaletsang. Anafuga peke yake, ana mdomo. Nilipomaliza siku ya kwanza aliniletea chai akakaa akaniangalia nikinywa. Nilikuwa sijawahi kuangaliwa hivyo, mwanamke anamwangalia mwanaume kwa sababu ametamani mwanaume.

Pampu ikamharibikia tena wiki iliyofuata, na ile nyingine. Mara ya tatu nilikuta ameifungua nati yeye mwenyewe.

"Pampu yako haina ugonjwa," nikamwambia.

"Mimi je, umenipima?"

Tukacheka. Nikaona nisimpotezee muda. Nikamwambia kuna mambo mawili ayajue kabla hatujaenda mbali. La kwanza, nilivyozaliwa, nilivyoitwa na nilivyo leo. Nilimweleza lote, nikiangalia chini. La pili, kuna mwanamke nilitaka kumwoa, na bado yuko moyoni.

Galaletsang aliuliza maswali mawili kuhusu lile la kwanza, ya mtu anayetaka kujua tu, nikamjibu. Akamwaga chai iliyobaki mchangani.

"La kwanza nimelielewa. Mwanaume niliyemwona akishuka kwenye gari ndiye huyu niliyekaa naye. Halinisumbui."

"Na la pili?"

"Unapomtaja unatabasamu, unajua? La pili ndilo linaloniogopesha. Njoo likiisha, Thuso. Nitakuwepo, ila si milele."

Nilikusanya vifaa vyangu nikapanda gari. Ni miezi mitano sasa. Simu yake ninayo, na kila Jumapili naifungua namba yake, naitazama, naifunga.

Halijaisha.