Elfu Tano kwa Usiku

"Elfu arobaini!" Mama Tofali alikibwaga kiatu cha farasi juu ya meza, saa za watu zikaruka. "Viatu vinne, elfu arobaini, na unazitoa wewe. Zote! Leo sitaki habari za nusu kwa nusu."

Fundi Saa hakuinua uso. Alikuwa ameshika kibano, anachokoa kigurudumu kidogo kama punje ya ufuta.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako itie mfukoni. Viatu hivi mhunzi kavipigilia siku kumi na moja tu zilizopita. Farasi wangu anavuta mkokoteni wa matofali asubuhi mpaka alasiri, na viatu vyake hukaa miezi miwili. Miwili! Tazama hiki. Kimelika mpaka kimekuwa kama ukucha. Kila asubuhi namkuta kalowa jasho, povu mdomoni, macho yamemtoka. Unampeleka wapi usiku?"

Farasi mwenyewe aliitwa Shangazi, kwa ukaidi uliofanana na wa shangazi aliyemlea Mama Tofali. Mgongo ulipoanza kumsumbua, mama huyu alitafuta mtu wa kusaidiana naye kumtunza. Wakapatana: gharama nusu kwa nusu, Fundi Saa amlishe na kumpiga brashi kila jioni, na Jumapili amtumie kwa shughuli zake. Akamkabidhi na ufunguo wa geti la uani. Alimwamini kwa sababu moja tu: alimdharau. Mtu ana vidole laini kama vya kichanga, anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mtu wa namna hiyo atakuibia nini?

"Nina safari zangu, mama," Fundi Saa alisema polepole. "Kuna watu wananisubiri."

"Safari! Wewe? Unatembea kama unaogopa kuiumiza sakafu, nani akusubiri?" Mama Tofali alicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaghairi kuingia. "Sasa sikia, na usikie vizuri. Kumkodi Shangazi ni elfu tano, na ni mchana. Usiku analala. Ukitaka wa kukubeba usiku, katie chuma cha lijamu mdomo mwingine. Nitie mimi lijamu basi, kama wewe mwanamume! Lakini Shangazi humgusi."

Kibano kikasimama.

Fundi Saa akainua uso. Hakumtazama machoni. Alimtazama mdomo, upana wake, pembe hii mpaka pembe ile, kama fundi anayepima.

"Rudia, mama."

"Nitie mimi lijamu! Nimesema. Mimi nikisema nimesema."

"Nimekubali."

Akavuta droo, akahesabu elfu arobaini, akaziweka mezani. Mama Tofali akatoka akijichekea. Bwege!

Jioni hiyohiyo, jua likizama, alikwenda kufunga banda akamkuta Fundi Saa humo, anamsuka Shangazi singa za shingo. Misuko saba, imekazwa, kila mmoja umefungwa kwa uzi wa bluu. Alipomaliza akapiga ulimi.

Klk. Klk.

Shangazi akainua kwato ya mbele, akabaki ameining'iniza.

"Amezoea," Fundi Saa akanong'ona. "Kila kiumbe huzoea."

Mama Tofali akasonya, akageuka kuondoka.

Na kweli, toka siku ile Shangazi alipona. Asubuhi mkavu, ameshiba, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mama Tofali akatamba kila tanuri la matofali alikokwenda: "Nimemfokea mara moja tu, kawa kondoo!"

Ila yeye mwenyewe...

Alikuwa akilala kama gogo na kuamka kama mtu aliyepigwa. Nyayo zinawaka moto. Viganja vimechubuka. Pembe za mdomo zimepasuka, na ulimini ladha ya chuma, kama aliyelala ananyonya msumari. Akalaumu matofali. Akalaumu umri. Akalaumu godoro. Shuka alizianika juani kila siku, na kila asubuhi zilinuka jasho.

Si jasho la mtu.

Wiki ya tatu mhunzi alikuja kumkagua Shangazi. Akainua kwato moja, akaangua kicheko. "Mama, farasi huyu unamfungia kabatini? Viatu vipya kama vya jana!" Kisha macho yake yakaangukia viganja vya Mama Tofali vilivyoshika kamba. Kicheko kikakatika. "Na wewe... unalala kweli?"

"Kazi yako kwato. Mimi sina kwato."

Lakini jioni alipoingia bandani na ndoo ya pumba, Shangazi alisogea pembeni. Akampisha. Sivyo farasi anavyompisha mwenye mali. Alimpisha kama anavyompisha farasi mwenzake, ubavu kwa ubavu. Halafu akanyoosha shingo, akamlamba pembe ya mdomo. Taratibu sana. Kama anayempa pole.

Mama Tofali hakuwa mtu wa kuona wachawi kwenye kila homa. Watu wa namna hiyo aliwaita mbele ya macho yao wavivu wa kufikiri. Lakini alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Usiku ule aliteremsha komeo, akamwaga unga mzito wa ngano sakafuni toka mlangoni mpaka kitandani, akapanda kulala.

Asubuhi.

Komeo liko mahali pake.

Kwenye unga palikuwa na nyayo. Viatu vya mtu, vidogo, soli laini, vimetoka mlangoni mpaka ubavuni mwa kitanda. Vimeingia.

Kilichotoka hakikuwa na viatu.

Viganja viwili. Nyayo mbili, peku. Viganja viwili. Nyayo mbili...

Zimedidimia mpaka kwenye saruji, kama za aliyebeba mzigo mgongoni. Njia hiyohiyo zilirudi, sasa zinayumba, zinaburuta. Na pembeni yake, vile viatu vidogo vikitoka peke yake, havina haraka.

Mama Tofali alipiga magoti, akaweka kiganja chake cha kulia ndani ya alama moja. Kikaenea. Hata kidole cha mwisho, kile alichovunjikiwa na tofali akiwa msichana, kilijikunja palepale.

Akajishika kichwa. Kilemba kilikuwa kimefunguka. Nywele zake, ambazo jana alizilaza timtim, zimesukwa.

Akazihesabu kwa vidole. Saba.

Uzi wa bluu.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakulia. Hofu ilimkaa kifuani kama jiwe la baridi, na chini yake, taratibu, kitu alichokizoea zaidi kikaanza kuchemka. Toka siku ile ya ugomvi... akakunja vidole. Ishirini na mbili.

Fundi Saa ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka. Saa zote ukutani zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Mama Tofali alivua kilemba, akang'oa zile nyuzi moja moja, na nywele zikang'oka nazo. Akazitupa mezani.

"Umenipeleka wapi?"

"Nilikuomba urudie, mama. Ukarudia."

"Nimekuuliza wapi!"

Fundi Saa akazikunja nyuzi vizuri, akazitia kwenye kijaluba. "Wale wanaonisubiri wanakusifu sana," akanong'ona. "Wanasema tangu waanze kupokea wageni, hawajaona aliyepanda kilima chao bila kujikwaa."

"Lete ufunguo wangu."

Akautoa palepale, akausukuma mezani kwa kidole kimoja. "Chukua. Usiku, toka siku ile, sijautumia."

Mama Tofali akauchukua. Akatazama vile vidole laini alivyovicheka mwaka mzima. Akatazama mlango. Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini kukimbia mdeni hakujawahi kuwamo katika damu yake, hata mdeni awe nani.

Fundi Saa akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Klk. Klk.

Kisigino cha kulia cha Mama Tofali kikainuka sakafuni.

Kikabaki kinaning'inia.

Mama Tofali akakitazama kama anavyomtazama mbwa aliyeingia jikoni. Akalishika goti kwa mikono miwili, akalikandamiza chini, akaegemea meza kwa uzito wake wote, jasho likimtiririka, uso wake shibiri moja toka uso wa yule bwege.

"Elfu tano kwa usiku," alisema. "Usiku ishirini na mbili. Laki moja na elfu kumi. Ziweke hapa."