Upande wa Kulia Juu

"Inua mikono. Juu zaidi. We Jagoda, usicheke, mkanda utalegea."

"Samahani, dada Chizuru. Shun ananichekesha."

Mikono ya Chizuru ikasimama palepale kiunoni mwa yule msichana. Shun? Kwa miaka miwili na nusu jina hilo lilikuwa lake peke yake. Mbele za watu yule kijana alikuwa Bwana Shunpei, mfanyakazi wa chuo, aliyewaleta wageni kumi na wawili kujifunza mila za Kijapani wiki tano za kiangazi. Wakiwa wawili tu ndipo alipokuwa Shun. Leo msichana wa Poland, ambaye hata mwezi hajamaliza hapa Matsue, analitamka kama anamwita paka wa kwao!

Shunpei mwenyewe alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, karatasi ya mahudhurio mkononi, keki ya maharage mdomoni.

"Bwana Shunpei," Chizuru alisema, "hapa wanawake wanavishwa. Una shida gani?"

"Nahesabu wanafunzi tu."

"Wako kumi na wawili. Ungewatazama wote ungeshajua. Lakini macho yako yamekwama kwa mmoja."

Wasichana wakacheka wakidhani ni utani. Shunpei hakucheka.

Mama yake Chizuru, Mwalimu Fumie, akapiga makofi. Mama huyu alikuwa amefundisha mavazi na chai katika nyumba hiyo miaka thelathini, na mgongo wake haujawahi kuegemea ukuta.

"Haya wanangu, sheria ya kwanza ya kufunga kimono?"

"Upande wa kushoto juu!"

"Na wa kulia ukiwa juu?"

"Maiti!"

"Naam. Anayefungwa kulia juu ni marehemu anayelazwa kwenye jeneza. Mtu hai akivaa hivyo ni nuksi kwake, na ni aibu kwangu mimi niliyemfundisha. Tarehe kumi wageni wangu wanakuja kunywa chai ya unga wa kijani mtakayokoroga nyinyi. Msiniaibishe."

Mchana Chizuru akajifungia jikoni, supu ya kome ikichemka, akampigia Shunpei simu.

"Amelijuaje jina la Shun?"

"Habari za mchana na wewe pia."

"Shunpei, nijibu!"

"Amelifupisha mwenyewe. Jina zima linamsumbua ulimi."

"Ulimi! Na mbona la kwangu halimsumbui? Amewahi kukuuliza kuhusu mimi?"



"Aliuliza kama wewe ni mchumba wangu. Nikamwambia wewe ni binti wa mwalimu."

"Binti wa mwalimu! Basi? Miaka yote hii, binti wa mwalimu?"

"Chizuru, lakini wewe mwenyewe ndiye uli..."

Akamkatia simu. Alijua neno lililokuwa linafuata, na hakutaka kulisikia. Ni yeye aliyemwapisha Shunpei asimwambie mtu. Mama yake alikuwa amekwisha kuzungumza na familia ya muuza majani ya chai wa ng'ambo ya mto, wana kijana wa kuoa, na Chizuru alikuwa anaomba muda: subiri masika, subiri kiangazi, subiri majani ya vuli yaanguke. Shunpei alikuwa anasubiri. Mtu anayesubiri hupaswa kutazama upande mmoja tu, ndivyo Chizuru alivyoona.

Siku tatu baadaye, wanafunzi wakiwa bustanini, simu ya Jagoda ikawaka juu ya mkeka. Chizuru alikuwa anakusanya vikombe. Hakuwa na nia ya kusoma, lakini macho hayana pazia.

"Tarehe 16, saa kumi na moja jioni, darajani. Nitakuja na kila kitu. Usijali, sijamwambia mtu. Shun."

Kikombe kikamponyoka, kikaviringika hadi ukutani.

Amejiandika Shun. Kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu saa hiyo wivu ukahamia kifuani mwa Chizuru na mizigo yake yote. Alimwona Jagoda akicheka, akahesabu meno yake. Alimwona akila wali, akachukia namna anavyoshika vijiti. Shunpei alipotuma ujumbe, "Umenuna nini? Niambie tu," aliusoma mara tisa asijibu.

Tarehe kumi ikafika. Joto la kuua mtu, vyenje wanapiga kelele kwenye misonobari kama wamelipwa. Wageni wanane walikuwa wameshakaa chumba cha chai, na mbele yao kabisa Bibi Kitamura, mwenye miaka themanini na minne, ambaye akikohoa vibaya shule ya chai hukosa wanafunzi mwaka mzima.

Chizuru alivisha wasichana mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Jagoda.

"Dada Chizuru, naogopa."

"Utazoea."

"Shun amesema nikikosea nitabasamu tu."

Shun amesema. Chizuru akashika pande mbili za lile vazi la pamba, lenye maua ya samawati. Vidole vyake vilijua kazi hiyo tangu ana miaka sita, visingeweza kukosea hata akilala. Akauleta wa kulia ukaja juu ya wa kushoto. Akaufunga mkanda. Akakaza.

Jagoda akainua uso, akajitazama kwenye kioo kirefu. Akashusha macho kifuani mwake. Kisha akamtazama Chizuru, muda mrefu.

Kama angeuliza, Chizuru angemfungua. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Lakini Jagoda hakuuliza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Asante," akaenda.

Chumba cha chai kilinyamaza kabla hajafika katikati. Bibi Kitamura alikuwa anapeleka kipande cha keki mdomoni, kikaishia njiani.

"Mungu wangu, huyu mtoto amevikwa kama marehemu."

Mwalimu Fumie akawa mweupe kama karatasi ya dirisha. "Jagoda, ni nani aliyekuvisha?"

Chizuru alikuwa nyuma ya mlango wa kusukuma, akisikia kila neno.

"Nimejivisha mwenyewe, Mwalimu," Jagoda alijibu. Akapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka. "Nilitaka kuonyesha kwamba najua. Nikasahau. Naomba radhi."

"Nenda ukabadilishe," Mwalimu Fumie alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka ghafla.

Chizuru akageuka akimbilie jikoni, akagongana na Shunpei kwenye ukumbi.

"Ni wewe," Shunpei alisema.

"Mimi nini?"

"Chizuru, nimekuona ukivisha watu miaka miwili na nusu. Wewe ndiye uliyemkaza ule mkanda. Ule mkunjo wa nyuma ni wako, mwingine hawezi."

"Na wewe? Tarehe kumi na sita darajani unakwenda kumkaza nani?"

Shunpei akapigwa na butwaa. "Umesoma simu yake?"

"Nimesoma! Nitakuja na kila kitu, sijui sijamwambia mtu! Kila kitu ni nini, godoro?"

"Taa ya karatasi," Shunpei alisema polepole. "Taa ya kuelekeza roho ya baba yake mtoni. Baba yake alifariki mwezi wa nne, wiki mbili baada ya yeye kukubaliwa kuja huku. Alikuja kwa sababu marehemu ndiye aliyemsihi aje. Aliposikia kwamba katikati ya mwezi huu wafu wetu hurudi nyumbani na tunawasindikiza kwa taa, akaniomba nimsaidie. Hakutaka wenzake wamwonee huruma."

Chizuru akageuka kuutazama mlango wa chumba cha chai.

"Mtoto mwenye msiba, Chizuru. Na wewe umemvika sanda."

"Sikujua..."

"Hukuuliza! Ungeuliza ningekwambia. Ulitaka niwe siri, nikawa siri. Halafu siri hiyohiyo unaniadhibu nayo." Akashusha pumzi. "Na mimi nina kosa langu. Nilikuona una wivu, nikafurahi. Nikasema moyoni, acha aumie kidogo, labda atamwambia mama yake. Ndiyo maana niliandika Shun. Lakini hili siwezi."

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Chizuru alimkuta Jagoda kwenye chumba cha mavazi, ameketi sakafuni, anahangaika na fundo la mkanda.

"Kwa nini hukunitaja?"

Jagoda hakugeuka. "Nilipojiona kwenye kioo, kwanza nilidhani umeambiwa habari za baba. Nikadhani ni heshima fulani nisiyoijua, kwamba aliyefiwa huvaa hivi. Halafu nikakuangalia usoni." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nina dada mkubwa. Uso wa wivu naujua."

"Ungenisema. Ilikuwa haki yako."

"Ili iweje? Mama yako alikuwa anatetemeka. Nikaona aibu ikija kwangu ni ndogo, mimi ni mgeni. Ikienda kwako inabomoa nyumba. Shun nampenda kama kaka, dada Chizuru. Nilishajua ni wako. Akikuona anasahau anachosema."

Chizuru akapiga magoti nyuma yake, akalifungua lile fundo, akamvisha upya, kushoto juu. Alipomaliza alimshika mkono, wakaingia wote wawili chumba cha chai.

Akainama mbele ya wageni wote hadi nywele zikasambaa kwenye mkeka.

"Jagoda hakukosea. Ni mimi niliyemvisha vile. Na nilifanya kwa makusudi."

"Chizuru!" mama yake alisema.

"Kwa wivu, mama. Nilidhani ananichukulia mwanaume wangu."

"Mwanaume gani? Kijana wa muuza chai hata hujakutana naye!"

"Si huyo. Ni Shunpei. Miaka miwili na nusu sasa."

Mwalimu Fumie akaduwaa. "Shunpei yupi? Huyu huyu anayemaliza keki zangu?"

Hapo Bibi Kitamura akacheka, kicheko kikavu kilichomtoa machozi. "Fumie, mshukuru Mungu binti yako amefunga vazi tu. Mimi wivu ulinishika mwaka niliochumbiwa, nikamtupia mtu viatu kisimani." Kisha akaacha kucheka, akamwelekezea Chizuru kidole. "Lakini wewe umemchezea mtu kwa kifo. Hilo halifutiki kwa kuinama mara moja. Haya, mtoto wa watu akoroge chai, nina kiu."

Jagoda akakoroga. Povu lilikuwa zito na la kijani, na Bibi Kitamura alimaliza hadi tone la mwisho.

Usiku huo mama hakumsemesha binti yake. Wala siku ya pili. Siku ya tatu alisema neno moja tu: "Chumvi." Shunpei naye hakupokea simu. Chizuru alimwandikia: "Sina la kujitetea. Nimemwambia mama kila kitu, mbele ya watu." Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Tarehe kumi na sita alimwambia Jagoda, "Niruhusu nikuvishe kwa ajili ya baba yako. Kisha nitabaki nyumbani."

"Nivishe," Jagoda alisema. "Halafu tutakwenda wote. Baba alipenda watu wengi."

Shunpei aliwakuta darajani, taa ya karatasi kifuani. Alimtazama Chizuru, akatazama pembeni.

"Nimekuja kwa ajili yake," Chizuru alisema haraka. "Sikukufuata wewe."

"Najua. Ameniambia."

Wakashuka ngazi hadi ukingoni. Jagoda aliandika jina la baba yake kwa herufi za kwao, Shunpei akawasha mshumaa, Chizuru akashika pindo la nguo lisilowe. Taa ikaelea, ikazunguka kidogo kama haitaki, halafu ikashika mkondo pamoja na mamia ya wenzake. Jagoda akasema maneno ya lugha yake, akalia kwa sauti, na Chizuru akamkumbatia mpaka alipotulia na kuomba asogee mbele peke yake kidogo.

Wakabaki wawili.

"Mama yako alinipigia leo asubuhi," Shunpei alisema.

Chizuru akamgeukia. "Amekutukana?"

"Aliniuliza kama naweza kukaa kwa magoti saa nzima bila miguu kufa ganzi."

"Ukamjibu nini?"

"Ukweli. Dakika kumi, basi." Akakuna kichwa. "Akasema nianze masomo Jumatatu, maana mkwe wa kuanguka mbele ya Bibi Kitamura yeye hamtaki."

"Mkwe? Amesema mkwe?"

"Amesema mkwe. Mimi sijasema kitu bado, Chizuru. Mimi bado nina hasira."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Wiki. Labda mbili."

"Nitasubiri," Chizuru alisema. "Safari hii nitasubiri mimi."

Pale ukingoni, mbele ya majirani, wanafunzi na nusu ya mji wa Matsue, Shunpei aliunyoosha mkono wake, akaushika wa Chizuru, na hakuuachia hata muuza majani ya chai alipopita akawaamkia.