Udongo wa Kaka Kwenye Mwani wa Dada

Maji yalipokupwa, Mbishi alikuwa wa kwanza kuingia baharini. Jina hilo alipewa na mama yake tangu utotoni, kwa sababu hakukubali kuambiwa "ndivyo ilivyo". Sasa alikuwa na watoto watatu na kamba arobaini za mwani, kila kamba ikishikiliwa na vigingi viwili. Pesa za mwani huo ndizo zilizoezeka nyumba yake.

Asubuhi ile alishika kishada, kikamkatikia mkononi. Kilikuwa kimevaa tope la kahawia, laini kama uji. Akashika kingine. Nacho kikakatika.

"Bahari imechoka," alisema jirani yake. "Mwenyekiti wa kijiji anasema tuhame, tutafute ufuo mwingine."

"Ahame yeye!" Mbishi alijibu.

Alikwenda moja kwa moja ofisi ya uvuvi, miguu ikiwa bado na chumvi. Hakuondoka mpaka alipopewa mpima maji, binti mwembamba mwenye kofia kubwa. Wakaingia majini pamoja. Binti akatoa sahani nyeupe iliyofungwa uzi, akaizamisha polepole. Kabla haijafika usawa wa magoti, ikapotea.

"Umeona, mama? Mwanga wa jua nao unaishia hapo. Mwani hauwezi kukua gizani. Nyasi za baharini pia haziwezi, na samaki wachanga hujificha humo. Tope likitua juu ya matumbawe, ni kama kumfunika mtu blanketi usoni."

"Kwani matumbawe si mawe?"

"Yana uhai, mama. Ni wanyama wadogo sana waliojijengea nyumba ngumu. Wakifa, samaki nao huhama."

Mbishi alilisugua tope kati ya vidole. "Limetoka wapi?"

"Mtoni. Mvua ikipiga ardhi tupu, udongo unashuka na maji. Twende tukaone unakoanzia."

Walipanda kando ya mto mpaka jua likawa la utosi. Kwenye kona moja mahindi yalifika ukingoni kabisa. Ukingo wenyewe ulikuwa unameguka kama mkate. Mbishi alisimama. Lilikuwa shamba la kaka yake. Mwaka uliopita pale palikuwa na matete mazito, na yeye mwenyewe alikuja kusaidia kuyafyeka, huku akiimba.

Kaka yake alikuja na jembe begani. Alipoelezwa, alicheka kwa uchungu. "Dada, unataka watoto wangu walale njaa ili mwani wako ung'ae?"

"Mistari mingapi ya mahindi imeingia mtoni mwaka huu?"

Kaka alishusha jembe chini.

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Basi ipo kwangu. Imekaa kwenye kamba zangu. Na matete tuliyafyeka sote wawili, kwa hiyo sijaja kukulaumu. Nimekuja tuyarudishe."

"Peke yangu? Na wenzangu wote wanalima mpaka majini?" Kaka akageuka, akaendelea kulima.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, Mbishi aliingia na ndoo kichwani. Mwenyekiti alimwambia akae.

"Nitakaa nikimaliza."

"Mama, mto haukuanza kuchafuka leo. Ndivyo ilivyo."

Mbishi aliimwaga ndoo sakafuni, mbele ya meza. Tope likasambaa mpaka kwenye viatu vya mwenyekiti. "Ndugu wakulima, nimewaletea mashamba yenu," alisema. "Anayelijua lake alichukue."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Kisha wifi yake, mke wa kaka, akainuka, akachota tope kiganjani, akalitazama. "Huu ni udongo wetu wenye rutuba," alisema. "Ndio uliokuwa unatulisha." Akamgeukia mumewe. "Kesho tunaacha ukingo. Usiponisaidia, nitaanza mwenyewe."

Mpima maji, aliyekuja na Mbishi, akaeleza la kufanya. Waache hatua ishirini kutoka mtoni bila kulima, wapande humo matete na miti. Upande wa juu wa hapo wainue matuta yanayokata mteremko, si yanayoshuka nao, ili maji ya mvua yatulie na udongo ubaki. Na wasichome majani. Wayatandaze yafunike ardhi.

Kaka alianza kwa kununa, akamaliza kwa jasho, na wakulima wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wanawake wa mwani walipanda kutoka ufuoni kusaidia, wakabeba miche kwa matenga yao. Kwa misimu miwili walikuwa huko kila Jumamosi.

Mvua kubwa ya msimu wa tatu ilipokatika, mto ulirudi kuwa safi siku ya pili. Baharini, mwani ulishika kamba barabara. Nyasi za baharini zilichipua kati ya vigingi, na samaki wadogo wakaonekana wakikimbiakimbia. Matumbawe yatahitaji miaka mingi kupona, mpima maji aliwaambia wazi. Lakini kaka alivuna mahindi mpaka mstari wa mwisho, na alikuwa akiwaonyesha wapita njia matuta yake kwa fahari ya bwana harusi.

Shamba moja tu lilibaki likilimwa mpaka majini: la mwenyekiti.

Jumamosi iliyofuata, Mbishi na wenzake kumi na wawili walisimama mlangoni kwake, kila mmoja na jembe na miche.

"Nani kawaita?" mwenyekiti aliuliza.

"Tope lako," Mbishi akajibu. "Unatoka, au tukuchimbie wenyewe?"

Mwenyekiti aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akakaa kizingitini, akaanza kuvua viatu.