Kumi na Wanne wa Kwanza

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikwenda chuo kikuu kumsubiri shangazi yake amalize kazi. Jina hilo walimbandika darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mtunza kumbukumbu wa maktaba. Chumba chake kilijaa madaftari makuukuu, na kila jambo liliandikwa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa chuo kile kilifundisha kwa lugha zote mbili tangu kilipofunguliwa.

Wiki ile Chiriku hakukalika kwa furaha. Chuo kilikuwa kinatimiza miaka sitini, na wageni wangetoka mbali, maana utafiti wake wa mbegu ulisifika hata ng'ambo. Bango la historia aliloliandika lilikuwa limeshinda mabango ya shule zote za jirani, naye angelisoma mbele ya umati.

Asubuhi ya sherehe alipita kwa shangazi ajikumbushe. Akafungua daftari la Kiswahili, ambalo hakuligusa alipoandika bango, akasoma ukurasa wa kwanza. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kumi na wanne. Bango lake lilisema arobaini. Akalirudia daftari la Kiingereza, safari hii polepole. Kwa Kiingereza maneno ya hesabu hizo mbili yanakaribiana, naye alikuwa amesoma harakaharaka.

Alifikiri anyamaze. Nani angejua? Tena arobaini ilipendeza zaidi. Lakini mwishowe akamweleza shangazi yote. Shangazi hakumgombeza. Alimuuliza tu kama angependa kulisoma bango vilevile.

"Sitaki, shangazi. Lakini watanicheka."

"Watacheka kidogo, kisha watasikiliza. Chukua kalamu."

Saa nne ukumbi ulifurika. Chiriku alisimama kando ya bango, ambalo sasa neno arobaini lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu.

"Niliandika arobaini," akasema. "Nilikosea, kwa sababu nilisoma daftari moja tu. Walikuwa kumi na wanne."

Kicheko kikapita, kikaisha. Mwanamke mzee wa safu ya mbele akainuka. Alikuwa profesa mstaafu, mtafiti wa mbegu, na mmoja wa wale kumi na wanne. Akaomba kipaza sauti, akawataja wenzake mmoja mmoja bila karatasi, mpaka ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Makofi yalipotulia akamgeukia Chiriku.

"Mjukuu wangu, nilipokuwa kijana nilitangaza kuwa nimepata mbegu ya kustahimili ukame. Nilipopima tena nikaona nimekosea, nikaandika hivyo kwa lugha zote mbili. Nilidhani nimejiaibisha. Mwaka uliofuata watafiti wa nje wakaanza kuja kwetu, wakisema hawa wanaaminika. Sifa ya chuo hiki ilianzia hapo. Soma mara mbili, na ukikosea, jiseme mwenyewe kabla hujasemwa."

Kisha akamrudishia kipaza sauti, amalizie kusoma.