Nyuzi Zisipande

Maji yalikuwa yananuka mdomo. Si bahari, si samaki, si mwani. Yalinuka mdomo wa mtu aliyelala mchana kinywa wazi, akaamka, akakusogelea usoni kukuuliza saa ngapi. Mama Nyuzi aliinua kifuniko cha tangi, akavuta pumzi mara moja tu, akakirudisha upesi.

"Pampu! Umetema mate humu?"

"Mimi? Dada, nina adabu zangu bwana."

Adabu anazo, tusimsingizie, ila huja kwa msimu. Hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, na kazi yao ni kulea matumbawe. Wengi hudhani matumbawe ni mawe. Siyo, ni viumbe hai vidogo vidogo vilivyoshikana, laini kama ute, na uhai wao uko kwenye joto la maji. Maji yakiwa nyuzi ishirini na sita, wanakula na kukua. Yakifika thelathini na kukaa hapo siku chache, wanatema rangi yao na kubaki weupe kama mifupa. Ndiyo sababu dada mtu, anayepima joto kila saa na kulipigia kelele, mtaa mzima ulimwita Mama Nyuzi.

Mdogo wake alipata jina kwa ajili ya mashavu. Siku ya kubadili maji alitumbukiza mpira tangini, akavuta kwa mdomo mpaka maji yaanze kutiririka yenyewe, na kila mara alimeza funda moja. Dada yake alimkanya miaka tisa, sikio la kufa. Miaka hiyo tisa ndio uliokuwa umri wa tangi mama, hilo hilo lililonuka, lile la chumba cha nyuma, ambako walikata vipande vya kuwapandia wateja. Likifa lile, hakuna mbegu nyingine. Mama Nyuzi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na tangi lile na mdogo wake, basi.

Kipimajoto cha tangi kilisema ishirini na sita. Lakini nyuma ya tumbawe la zambarau kulikuwa na doa jeupe ambalo jana halikuwepo. Alifunga kipimajoto kingine kwenye kijiti, akakishusha pale pale. Ishirini na sita. Ishirini na tisa. Akasogeza kidogo. Thelathini na saba.

Akakitoa, akakifuta kwa pindo la gauni, akakishusha tena. Thelathini na saba, haipungui wala haizidi.

"Hilo si joto la maji," alinong'ona. "Hilo ni joto la mtu."

"Mtu gani wa kukaa nyuma ya tumbawe?" Pampu alicheka, lakini alirudi nyuma hatua moja.

Pale nyuma palikuwa na jiwe jipya. Wiki iliyopita walinunua vifaa vya tangi kutoka nyumba iliyofungwa tangu mwenyewe afariki, na Pampu akalipenda jiwe moja lenye matundu, akalisugua, akaliweka. Sasa kwenye yale matundu vilikuwa vimeota vijinywele vya rangi ya ufizi, vingi kama nywele kwenye chanuo, navyo vilielekea kule maji yalikotoka badala ya kufuata mkondo. Mama Nyuzi alishika kimoja kwa koleo, akavuta. Kikanyooka, kikazidi kunyooka, kikakatika na kuacha ute, na tangi likacheua: povu moja kubwa lilipanda, likapasuka, na ile harufu ikajaa chumba kizima, ikakaa juu ya ulimi kama mafuta yaliyoganda. Pampu alitapikia ndoo ya barafu.

Alipomaliza kutapika, dada yake alimpigia simu shangazi yao. Shangazi alikuwa mganga wa kutoa majini, kazi kama kazi nyingine, wala hakuwa na makuu nayo. Alikuwa safarini, na simu ilikuwa ya kukatika katika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

Akamweleza harufu, joto, na jiwe.

"Ptu! Huyo ni jini wa makao. Hapendi baridi, hukaa penye joto la mwili. Jiwe msiliguse mpaka nije. Na wewe mwanangu, angalia nyuzi zisipande. Unanisikia? Nyuzi zisipande! Zikipanda hata..." Simu ikakwama, ikarudi. "...keshokutwa nitakuwa hapo."

Jamani, kila mtu husikia kwa sikio la kazi yake. Umwambie nani nyuzi zisipande kama si Mama Nyuzi? Alijaza chupa za barafu, akaziegesha kulizunguka jiwe bila kuligusa. Akaelekeza feni juu ya maji, akafungulia mashine ya kupozea mpaka ikalia. Jioni nyuma ya tumbawe palisoma thelathini na tatu. Asubuhi, ishirini na nane. Saa sita mchana, ishirini na sita, sawasawa na kwingine kote, na vijinywele havikuonekana tena. Alipiga kigelegele peke yake.

"Nimeziweza! Pampu, tubadili maji, tuondoe uvundo huu."

Pampu alichukua mpira, akatia mdomoni.

"We! Na uchafu ule wa jana?"

"Si yamepoa?" alisema, akavuta. Alimeza funda lake la kawaida. Safari hii lilikuwa na kitu cha kutafuna. Alijaribu kutema, hakikutoka kitu. "Mwani," alisema, akajifuta midomo.

Kesho yake tangi lilinuka bahari tu, safi kabisa. Aliyenuka alikuwa Pampu. Alikaa kwenye kigoda chumba cha mbele, hataki chai, hataki mkate, na kila alipopumua Mama Nyuzi aligeuza uso.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nina uzi kooni."

"Uzi gani?"

"Sijui. Unapanda."

Uzi. Mmoja ni uzi, na zikiwa nyingi ni nini? Mama Nyuzi alimshika mdogo wake kidevu, akamfungua kinywa kuelekea dirishani, na kule ndani, nyuma ya kimio, aliviona vile vijinywele vya rangi ya ufizi vimejipanga vikitikisika kila alipopumua, akatia vidole viwili, akabana kimoja, akavuta, nacho kikaja, cha moto, kinateleza, shubiri moja, dhiraa moja, akakizungushia kwenye mpini wa brashi na bado kikaja, na Pampu akitoa machozi na kamasi na sauti ya maji yanayozama kwenye tundu la sinki, mpaka kitu kule chini tumboni kikashika upande wa pili na kuvuta pia.

Aliachia. Uzi ulirudi mdomoni wote, kama tambi inavyofyonzwa.

Shangazi alifika saa saba na begi lake, akavuta pumzi mlangoni, akaelewa.

"Nilikwambia nyuzi zisipande!"

"Nimezizuia, shangazi! Hazikuzidi ishirini na sita!"

Shangazi alimtazama, akatazama kipimajoto mkononi mwake. Akakaa chini taratibu.

"Nyuzi zake, mwanangu. Za jini. Zisipande kwenye koo la mtu. Wewe umempozea nyumba, naye amehamia nyingine yenye joto lile lile."

"Choma ubani basi!"

"La kuvunda halina ubani. Huyu hafukuzwi, hushawishiwa. Maji yawe ya moto kumzidi ndugu yako. Arobaini."

"Arobaini yataniulia tangi lote."

"Najua."

Shangazi alimlaza Pampu kifudifudi pale chumba cha mbele, mdomo juu ya beseni, akamfunika kichwa kwa taulo zito, akafunga mlango wa katikati. Mama Nyuzi akabaki peke yake na matumbawe. Alitia hita mbili, akaweka mkono kwenye swichi. Miaka tisa. Alijua kila tawi, lipi lilivunjika lini, lipi alilishika kwa gundi usiku wa homa yake. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na aibu yake ni hii: alisubiri. Alihesabu pumzi kumi, na huko nyuma ya mlango mdogo wake akikoroma kama mtu anayezama.

Kisha akawasha. Akachemsha sufuria baada ya sufuria, akamimina. Penye thelathini na mbili matumbawe yalitoa ute. Penye thelathini na tano ngozi yao ilianza kubanduka vipande vipande kama utando wa maziwa, maji yakawa mtindi, na uvundo ukamtia kichefuchefu mpaka akatapika miguuni pake akiwa bado ameshika sufuria. Saa kumi ilipokaribia, maji yakiwa arobaini, nyuzi za jini zilipita chini ya mlango, zikavuka sakafu zikiacha unyevu, zikapanda mguu wa meza, zikaingia tangini, kwenye matundu ya jiwe, moja baada ya nyingine. Hakukimbia. Shangazi alizifuata akisoma dua, akalitoa jiwe kwa koleo, akalitia kwenye debe, akaziba mdomo wa debe kwa nta. Alikwenda nalo bila kuaga.

Pampu aliketi. Macho yalikuwa meupe, pumzi safi. Alikula mkate wote, akaomba mwingine. Mama Nyuzi alilia, akamkumbatia, akalia tena.

"Pole kwa matumbawe yako, dada."

"Achana nayo. Wewe ndiye ndugu yangu. Nisingesita hata kidogo."

Pampu alitafuna polepole, akameza.

"Ulisita," alisema. "Pumzi kumi."

"Nani kakwambia? Ulikuwa huku, umefunikwa taulo."

"Uliegemeza paji la uso kwenye kioo," alisema, akimtazama kwa huruma. "Jini alipohamia kwangu, mimi nilihamia tangini. Nami nililiegemeza langu, upande wa pili."